Mpira wa sebuleni: mahali kwanza, maji baadaye

Kazi yangu ni kutunza maua ya watu. Asubuhi naanza na ofisi za Posta na Upanga, mchana nahamia majumbani: Mikocheni, Sinza, Tabata, na siku nyingine navuka Kigamboni. Katika mimea yote ninayopigiwa simu, mpira ndio unaoongoza, na maneno ni yaleyale: "Mama maua, mbona majani yanadondoka na maji naupa kila siku?" Jibu limo humo humo kwenye swali. Jijini kwetu Dar es Salaam mpira unauawa na giza la sebule pamoja na maji ya kila siku. Ukiupatia mahali pake, mengine yote yanakuwa mepesi. Ukiuweka pabaya, hakuna mbolea wala dawa itakayousaidia.

Nauzungumzia ule wenye majani makubwa, mazito, yanayong'aa, ambao wataalamu huuita Ficus elastica. Mpira wa mashambani unaogemwa kwa ajili ya matairi ni mti mwingine kabisa, Hevea brasiliensis, na kwao ni Amazon. Huu wetu wa chunguni ni ndugu wa mkuyu na mtini, na asili yake ni misitu ya kaskazini mashariki mwa India na Myanmar, kushuka hadi Malaysia na Indonesia. Huko unapita mita 30. Katika jimbo la Meghalaya, India, wenyeji huielekeza mizizi yake ivuke mto hadi iwe daraja la kupita watu. Kwa hiyo joto na unyevunyevu wa Dar haviusumbui hata kidogo. Ule ushauri wa kunyunyizia majani maji kila asubuhi uliandikwa kwa ajili ya nyumba za nchi za baridi, ambako hewa ya ndani ni kavu. Hapa hewa yenyewe inatosha.

Tuanze na mahali. Saa 6 mchana, zima taa, simama pale unapotaka kuuweka, kisha nyoosha kiganja juu ya karatasi nyeupe. Ukiona kivuli cha kiganja, kingo zake laini lakini vidole vinahesabika, hapo panafaa. Kivuli kikiwa cheusi chenye kingo kali, hilo ni jua la moja kwa moja na litaunguza majani kupitia kioo. Usipoona kivuli chochote, weka hapo meza au picha ya familia, mpira utafutie kona nyingine.

Watu wengi hushangaa wakifanya jaribio hili, maana jicho la binadamu huzoea giza upesi. Nyumba zetu zimejengwa kukimbia jua: baraza pana, paa limeshuka, vioo vya rangi, nondo, neti ya mbu, halafu pazia zito la tabaka mbili. Kila kimoja kinapunguza mwanga kidogo kidogo, na mpaka ufike kwenye kona nyuma ya kochi, umebaki mwanga wa kukaa mtu, mmea hauutoshi. Angalia neti hasa. Neti ya dirisha linalotazama barabara ya vumbi hugeuka kahawia bila mwenye nyumba kugundua. Ivue, ioshe kwa sabuni, irudishe. Nimeona mipira iliyokuwa imedumaa ikaanza kutoa majani baada ya hilo tu.

Kuhusu pande za nyumba, usifuate maelezo ya Ulaya yanayosema dirisha la kusini. Kwao jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo kwetu jua la mchana huegemea kusini kuanzia mwezi wa 10 hadi mwanzoni mwa mwezi wa 3, na miezi iliyobaki huegemea kaskazini. Mimi napenda dirisha la mashariki kuliko yote: jua la asubuhi halina ukali, na likifika saa 4 limeshaondoka kwenye kioo. Dirisha la magharibi lina jua baya la saa 9 na saa 10. Hapo usogeze mmea ndani mita moja na nusu, au uteremshe pazia jepesi jeupe. Kila wiki uzungushe chungu robo mzunguko, la sivyo mmea wote utainamia dirishani.

Aina nazo hutofautiana. Yenye majani meusi yanayoelekea wekundu, kama Burgundy, huvumilia mwanga hafifu kuliko nyingine. Yenye mabaka meupe au ya waridi, kama Tineke na Ruby, inahitaji mwanga mwingi zaidi, kwa sababu yale mabaka hayana ukijani wa kutengenezea chakula. Sebule yako ikiwa na giza, usinunue yenye mabaka hata kama imekuvutia kiasi gani.

Sasa kununua. Bustani za kando ya barabara zina mipira mizuri na wauzaji wake wanaijua kazi, ila kabla hujatoa hela muombe muuzaji akuinulie kiriba, ule mfuko wa plastiki uliopandiwa mche. Miche ikikaa mahali pamoja muda mrefu, mizizi hutoboa kiriba na kuingia ardhini. Ukiununua wa namna hiyo, utang'olewa kwa nguvu mbele yako, mizizi itakatika, na ukifika nyumbani utadondosha majani wiki nzima. Chagua ule unaoinuka wenyewe. Kisha geuza majani mawili matatu uangalie chini yake, hasa kwenye mshipa wa katikati, maana wadudu hujificha hapo. Na usiutoe bustanini kwenye jua ukauingiza moja kwa moja sebuleni. Uache barazani, kwenye kivuli chenye mwanga, kama wiki mbili. Majani yajizoeze kwanza.

Kwenye ofisi adui mwingine ni kiyoyozi. Mpira unapenda nyuzi 20 hadi 30, na hiyo ndiyo hali ya hewa ya Dar. Kinachouumiza ni upepo baridi unaoupiga jani lilelile mchana kutwa, kisha jioni mashine inazimwa na joto linarudi ghafla. Simama kwenye chungu chako: ukihisi ule upepo usoni, uhamishe. Feni ya darini haina shida, ila itakausha udongo haraka zaidi.

Tuje kwenye maji. Mpira una mizizi inayohitaji kuvuta hewa ndani ya udongo. Ukimwagilia kila siku, zile nafasi za hewa hujaa maji, mizizi inaoza, na mizizi iliyooza haiwezi kunyonya. Ndiyo maana mmea wenye maji mengi hunywea kama wenye kiu, mwenye nyumba anauongezea tena, na hapo ndipo unapokufa. Zamisha kidole hadi kiungo cha pili. Ukihisi ubaridi na udongo unang'ang'ania kwenye ngozi, ondoka, rudi baada ya siku mbili. Kidole kikitoka kikavu, mwagilia kweli kweli, polepole, kuzunguka chungu chote, hadi maji yatoke kwenye matundu ya chini. Kikombe kimoja cha kulowesha juu tu hakisaidii, mizizi ya chini inabaki na njaa.

Kwa chungu cha upana wa sentimita 25 kilicho karibu na dirisha, kiangazi cha Desemba hadi Machi huwa namwagilia takriban mara moja kwa wiki. Masika, hewa ikiwa nzito na mawingu hayaondoki, inaweza kufika siku 12 au 14. Kipupwe cha Juni hadi Agosti kiko katikati. Hiyo ni ya kukupa mwanga tu. Mwamuzi ni kidole.

Majani ya chini yakigeuka njano huku yakiwa laini, na udongo ukawa na harufu ya uvundo, maji yamezidi. Majani yakining'inia na udongo ukaachana na ukuta wa chungu, maji yamepungua. Hapo maji yanayomwagwa hupita pembeni tu, hivyo zamisha chungu kwenye beseni la maji kwa nusu saa kisha ukiache kichuje. Jani moja la chini kuzeeka na kuanguka mara moja moja ni kawaida, usihangaike.

Lakini kuna jambo la maji ambalo naona watu wa Dar hatulizungumzi vya kutosha, nalo ni chumvi. Mitaa mingi inatumia visima, na visima vingi, hasa vifupi vilivyo karibu na bahari, vina chumvi. Kuna mzee mmoja Kigamboni aliyeniita kwa sababu majani ya mpira wake yalikuwa yanaungua ncha, kila jani, mstari wa kahawia kuzunguka ukingo kana kwamba limepitishwa motoni. Mwanga mzuri, kidole kikavu, wadudu hakuna. Nikamwambia, "Baba, hebu tuangalie udongo." Juu ya udongo na kwenye mdomo wa chungu palikuwa na ukoko mweupe. Nikaukwangua kwa ukucha nikamwekea kiganjani, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema. Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi.

Maji ya chumvi yakikauka, chumvi inabaki. Kila umwagiliaji unaongeza nyingine, hadi mizizi inashindwa kuvuta maji hata udongo ukiwa umelowa. Dawa yake ni kusuuza. Kwangua ule ukoko pamoja na sentimita moja ya udongo wa juu, utupe. Peleka chungu nje au bafuni, mimina maji matamu taratibu, kiasi cha mara tatu au nne ya ujazo wa chungu, yote yapite na kutoka chini. Acha kichuje kabisa kabla ya kukirudisha ndani. Baada ya hapo mpira upewe maji ya bomba au ya mvua. Wakati wa masika na vuli kinga maji ya bati, ila yale ya dakika za mwanzo yaache yapite, yanakuwa yamebeba vumbi na kinyesi cha ndege. Dumu mbili tatu zenye vifuniko zinatosha mmea mmoja muda mrefu. Kama huna budi kutumia kisima, suuza kwa maji ya mvua kila yanapopatikana. Majani yaliyokwisha kuungua hayaponi; angalia yanayofuata.

Na sahani ya chini ya chungu: imwage nusu saa baada ya kumwagilia. Mizizi isikae majini, hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili ni mbu. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue, hutaga kwenye maji masafi yaliyotuama ndani na kandokando ya nyumba, na jiji hili limepata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019. Mayai yake hunata kwenye ukuta wa sahani na huweza kukaa makavu kwa miezi, yakisubiri maji. Kumwaga peke yake hakutoshi, sugua sahani kwa brashi kila wiki.

Udongo wa kuupandia uwe mwepesi. Nachanganya sehemu mbili za udongo mweusi wa juu, sehemu moja ya samadi iliyooza vizuri isiyo na harufu, na sehemu moja ya mchanga wa mto au chenga za mkaa. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi. Usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, nao ni mzuri sana kwa kushika unyevu bila kufinyanga udongo, lakini makumbi hayo mara nyingi huzikwa kwenye tope la pwani kabla ya kupondwa, kwa hiyo loweka usumba wako kwenye maji matamu na kuukamua mara kadhaa kabla ya kuutumia.

Chungu lazima kiwe na tundu. Ukikipenda kile cha mapambo kisicho na tundu, panda kwenye ndoo ya plastiki iliyotobolewa kisha uidumbukize humo, na uwe unaitoa wakati wa kumwagilia. Vyungu vya saruji vinavyouzwa barabarani vinafaa kwa mmea mrefu kwa sababu ni vizito, haviangushwi na upepo wala mtoto. Kipya kilowekwe siku kadhaa huku ukibadilisha maji, maana saruji mbichi hutoa chokaa. Hamisha mmea kwenye chungu kipana zaidi kwa sentimita 3 hadi 5 tu, mizizi inapoanza kuchungulia matunduni. Kwa mmea mchanga ni kila mwaka au miaka miwili. Chungu kikubwa kupita kiasi hukaa na maji ambayo mizizi haiyafikii.

Mbolea si ya kuhangaikia. NPK ya 17-17-17 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa viwango sawa), kijiko cha chai kisichojaa kwenye lita 5 za maji, mara moja kwa mwezi mmea ukiwa unatoa majani, na udongo uwe umelowa kwanza. Mmea mgonjwa usipewe mbolea.

Kuna kitu kimoja nakuomba ukitazame kwa karibu. Kwenye ncha ya shina, jani jipya linapokuja, hutangulia ala nyekundu iliyochongoka, nyembamba kuliko kidole cha mtoto. Ndani yake jani limeviringwa kama mkeka. Ala inavimba kidogo kidogo, inapasuka upande mmoja, na jani linatoka likiwa laini, lina rangi ya shaba, bado limejikunja. Baada ya siku chache linanyooka, linakuwa kijani na gumu, na ile ala inakauka na kudondoka yenyewe. Watu huivua kwa vidole wakidhani wanaharakisha. Usiivue. Jani likitolewa kabla ya wakati hubaki na mikunjo na mikwaruzo maisha yake yote. Ala ile pia ndiyo habari yako: zikifuatana moja baada ya nyingine, mahali ulipouweka panaufaa. Na majani mapya yakija madogo kuliko ya zamani, huku nafasi kati ya jani na jani ikirefuka, mwanga hautoshi.

Vumbi la Dar linaufunika mpira haraka. Kila wiki mbili, shika jani kwa chini na kiganja kimoja, futa juu kwa kitambaa kilicholowa maji matupu, kisha futa na chini. Usipake mafuta ya nazi, wala mafuta ya kupikia, wala maziwa ili ung'ae. Mafuta yananasa vumbi na ndani ya wiki jani linakuwa na masizi yanayonata. Mng'ao wa jani safi unatosha.

Wadudu utakaokutana nao ni vidung'ata, vile vyeupe kama pamba kwenye maungio ya jani na shina. Wadudu magamba, vidoa vya kahawia vinavyobanduka kwa ukucha. Na utitiri wakati wa kiangazi, unaoacha vidoa vya njano na utando mwembamba. Ukiona sisimizi wanapanda shina kila siku, tafuta juu, wanafuata utamu unaotolewa na vidung'ata na magamba. Futa kwa pamba yenye spiriti, kisha osha mmea mzima kwa maji yenye sabuni kidogo ya maji, rudia kila baada ya siku 5 hadi 7 mpaka wasionekane. Mafuta ya mwarobaini yaliyochanganywa na maji na sabuni yanafanya kazi vizuri. Pulizia jioni, nje ya jua. Mmea wenye wadudu utenge na wenzake.

Mpira ukikaribia dari, kata. Usiuogope, ni mti. Chagua mahali juu kidogo ya kifundo cha jani, kata kwa kisu kikali kilichofutwa spiriti. Utatoka utomvu mweupe mwingi. Tandika gazeti kwanza, kwa sababu ukikauka kwenye nguo hautoki, na ukigusa ngozi huwasha. Vaa glovu, na mwenye mzio wa mpira wa glovu zenyewe atafute mtu mwingine wa kumkatia. Kidonda kifute kwa kitambaa cha maji ya baridi hadi utomvu uache kutiririka. Baada ya wiki chache machipukizi mawili au matatu yatatoka chini ya ulipokata. Watoto wadogo na paka wasiachwe wakatafuna majani. Utomvu huo unachoma mdomo na kuvuruga tumbo. Ikitokea, suuza mdomo kwa maji, na uvimbe ukianza nenda hospitali.

Kile kichwa ulichokata usitupe. Chukua kipande cha sentimita 15 hivi chenye vifundo viwili au vitatu, acha jani moja au mawili ya juu, osha utomvu, na kama jani ni kubwa liviringe ulifunge kwa uzi lisipoteze maji. Kichomeke kwenye mchanga wa mto uliochanganywa na usumba uliooshwa, ukiweke kwenye kivuli chenye mwanga. Kwa joto letu mizizi huja ndani ya wiki 4 hadi 8. Jani peke yake bila kipande cha shina chenye kifundo litatoa mizizi na kukaa kijani miezi mingi, lakini halitaota mti kamwe, hivyo usidanganyike na yale majani yanayouzwa yamechomekwa kwenye vikopo. Wala usingoje mbegu: ua lake huchavushwa na nyigu mmoja mdogo maalumu wa huko kwao.

Wengine mmea ukiwazidi ndani huutoa na kuupanda uani, mara nyingi pembeni ya ukuta au juu ya karo kwa kuwa udongo wa hapo una rutuba. Hilo nalipinga kila ninapolikuta. Anayeujua mkuyu anaijua mizizi ya ukoo huu: inafuata maji, inaingia kwenye bomba, inapasua karo na tangi la chini ya ardhi, inanyanyua sakafu ya baraza. Mimi sikubali chini ya mita 15 kutoka kwenye jengo, karo au bomba lolote. Kwenye kiwanja cha 20 kwa 20 nafasi hiyo haipo. Kwa hiyo ubaki chunguni, ukatwe kila unapofika dari, na vichwa vyake uwape majirani.